Harufu ya Gari la Uwesu

Sipendi paka. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania wema nisiokuwa nao. Aliyependa paka ni mume wangu, Uwesu, na katika miaka thelathini na moja ya ndoa yetu hicho ndicho kitu ambacho hatukupatana hata siku moja. Akirudi na dagaa kutoka soko la Majengo, anatoa kwanza fungu la paka, ndipo ananipa mimi langu nikapike. Nikimgombeza ananijibu taratibu kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. "Mdomo wake si najisi," nilikuwa namwambia. "Na mkojo wake je?" Hapo anacheka na kwenda zake uani, kwenye gari lake.

Gari lenyewe ni Carina nyeupe, kuukuu, aliyoinunua alipostaafu udereva wa serikali. Ndani ilinuka karafuu na mafuta ya gia. Karafuu kwa sababu ya jino lililomsumbua maisha yake yote akakataa kuling'oa, na mafuta ya gia kwa sababu hakumwamini fundi yeyote. Kila akiliegesha aliacha dirisha la dereva wazi vidole vinne. Alikuwa anavipima kabisa, anapitisha kiganja juu ya kioo. Alisema jua la Dodoma linapasua dashibodi, gari lazima lipumue. Mimi niliyefanya kazi masjala miaka ishirini na tisa, nikafunga kila kabati kwa funguo mbili, dirisha lile lilikuwa linaniwasha.

Alifariki mwezi wa Machi, siku ya Jumatano, baada ya swala ya alfajiri. Moyo tu, mara moja, viatu vyake vikiwa bado mlangoni.

Mama yake, Bi Joha, anaishi Kolo, mbele ya Kondoa. Haoni. Trakoma ilimaliza macho yake miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu hapo watoto wake anawajua kwa mkono na kwa pua. Uwesu akifika Kolo alikuwa anapiga magoti mbele yake, naye anampapasa paji la uso, pua, kidevu, kisha ananusa shingo yake na kusema, "Karafuu. Ni wewe." Halafu anaomba apandishwe garini, hata kama hakuna safari. Anakaa kiti cha mbele, mwanawe yuko kwenye usukani, wanazungumza mpaka chai inapoa.

Siku ile ya msiba alipata habari mapema, akapanda basi na jirani yake. Tulijua yuko njiani. Mnamo saa tano mdogo wake Uwesu, Zaidi, akaja kwenye mlango wa chumba nilichokaa na wanawake. Akasema nyuma ya pazia, "Shemeji, mama ameshapita Kondoa. Wazee wanasema tunaweza kuzika baada ya adhuhuri, au tukangoja alasiri. Tumsubiri?"

Nikasema, "Msisubiri."

Hakuna aliyeshangaa. Maiti huharakishwa, ndiyo sunna, na hakuna mtu angeweza kunilaumu. Lakini mimi sikusema kwa ajili ya sunna. Niliogopa kilio cha yule mama. Nilijua akimpapasa mwanawe na kumkuta wa baridi, atatoa sauti ambayo mimi nitaisikia mpaka nife, na nilijua pia kwamba mimi mwenyewe nikiisikia nitavunjika mbele ya watu. Nikachagua kuokoa uso wangu. Saa tatu tu. Saa tatu nilizomnyima mama wa mtu.

Alifika udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Akauliza pale uani, watu wote wakisikia, "Nani aliyeharakisha?"

Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia lile lile. Ningeweza kusema. Nikamsikia Zaidi akijibu, "Ni mimi, mama."

Tangu siku hiyo Bi Joha hakuitikia shikamoo ya Zaidi. Anayejua watu wa kwetu anajua uzito wa jambo hilo. Mzazi anaweza kukugombeza, anaweza kukufukuza, lakini akikunyima marahaba amekuweka nje ya mlango. Zaidi alimpigia simu kila Ijumaa. "Shikamoo mama," halafu kimya, halafu simu inakatwa. Miezi minne. Na hata siku moja hakunitaja. Hakunitazama vibaya, wala hakunikumbusha. Nilitamani anikumbushe.

Mimi nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, kama ilivyo sheria. Gari likabaki uani pale pale Uwesu alipoliegesha jioni ya mwisho, chini ya mwarobaini, dirisha wazi vidole vinne. Zaidi aliweka ufunguo kwenye bahasha, akasema mali ya marehemu haiguswi mpaka mirathi igawanywe. Akaogopa hata kupandisha kioo, asije akaonekana amejitwalia. Watoto wangu nao wakaogopa. Kila apitaye uani anatoa heshima kwa kupita mbali. Basi kwa heshima hiyo hiyo tukaliharibu.

Paka alihamia garini wiki ya pili. Yule yule wa dagaa, mwenye rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Nilimwona kutoka dirisha la chumba changu, amejikunja kwenye kiti cha dereva. Ningeweza kumwita mtu amtoe. Sikumwita. Nitasema ukweli, nilimwonea wivu. Mimi nimefungiwa ndani na yeye amelala pale Uwesu alipokuwa anakaa, na kwa kuwa nilimwonea wivu nikashindwa hata kumfukuza, maana kumfukuza ni kukiri. Mwezi wa Mei akazaa watoto wanne humo humo. Nikasikia vilio vyao vidogo usiku na mchana, nikanyamaza.

Nilitoka eda Julai, upepo wa kipupwe ukipeperusha vumbi. Mirathi ikasomwa, na kwa kuwa mama ana fungu lake, Zaidi akampigia simu kumuuliza anataka nini. Simu iliwekwa sauti ya juu, sote tukasikia. Salamu ya Zaidi hakuiitikia. Akanitaja mimi, akasema, "Mwambieni Mwanahawa sitaki kitu. Aniletee gari la mwanangu nikae nilipokuwa nakaa. Sikumgusa. Walinizikia mtu wangu bila kumgusa. Nataka nikae humo mara moja, basi."

Siku ile ile nikaenda kufungua mlango wa gari.

Mwenye kuijua harufu ya mkojo wa paka uliofungiwa kwenye jua la Dodoma miezi minne hahitaji kuelezwa, na asiyeijua namwombea asiijue. Ilinipiga usoni nikarudi nyuma hatua tatu, machozi yananitoka. Karafuu hakuna. Mafuta ya gia hakuna. Kitambaa cha kiti kimeraruliwa, kapeti limelowa na kukauka na kulowa tena. Nikamwambia Zaidi, "Hatuwezi kumpakiza mama kwenye hili. Mtu wa swala tano, tumkalishe kwenye najisi?" Hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jingine chini yake. Sikutaka mama mkwe wangu ajue jinsi nilivyotunza mali ya mwanawe.

Nilianza kijinga, kama wengi. Nikanunua pafyumu ya kuning'iniza, nikanunua na ya kupuliza. Kwa siku mbili gari likanuka waridi lililokojolewa. Ndipo Zaidi akamleta Raphael, fundi wa viti wa pale Nkuhungu, mtu mpole mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano. Aliingiza kichwa, akanusa, akatoka.

"Mama, hapa pafyumu utazimaliza dukani," alisema. "Mkojo wa paka haukauki, unalala. Jua likiwaka unaamka. Na yeye mwenyewe anarudi panaponuka yeye. Ukitaka aache kuja, toa harufu yake kwanza."

Akafungua viti vyote kwa spana, akang'oa kapeti lote, gari likabaki mabati. Tulifanya kazi siku tano. Kapeti tulilisugua kwa siki na maji, tukalianika ukutani upepo ulipige. Mabati tukayapaka siki, tukasuuza, tukanyunyizia magadi soda yakalala mpaka kesho yake, tukayafagia. Zaidi akamwaga maji safi mara tatu kwa ajili ya tohara. Kisha tukaweka mikebe ya mkaa mkavu kila pembe, tukafunga milango siku mbili. Nilifurahia kazi ile. Sioni haya kusema. Miezi minne nilikaa nimekunja mikono, sasa nina brashi na adui.

Siku ya kwanza, Raphael aliponyanyua sponji la kiti cha dereva, akasita. Lilikuwa na shimo katikati, shimo la mwili wa Uwesu, upande wa kulia likizama zaidi kwa sababu alikuwa anakaa ameegemea mlango, mlango wa mawazo yake, hivyo ndivyo nilivyokuwa namtania. Sponji zima lilikuwa limenyonya mkojo mpaka chini.

"Hili linaweza kuoshwa, ila litachukua wiki tatu na sina uhakika," Raphael alisema. "Au tulitupe, niweke jipya. Nisubiri kwanza ufikirie?"

"Usisubiri," nikasema. "Tupa."

Zaidi alikuwa amechutama nyuma ya gari na brashi mkononi. Aliinua kichwa akanitazama, kisha akaendelea kusugua. Nilijua alichokisikia. Nami nilikisikia. Lakini sponji lilikuwa limeshatupwa kwenye toroli.

Watoto wa paka niliwagawa kwa majirani. Mama yao nilimwekea maganda ya ndimu kuzunguka matairi, nikanyunyiza pilipili kichaa, nikapiga chafya mimi kuliko yeye. Mwisho nikapandisha vioo vyote hadi juu na kulifunika gari kwa turubai. Akawa anakaa juu ya ukuta, analitazama lile turubai.

Tulikwenda Kolo Jumamosi, Zaidi akiendesha, mimi nyuma. Gari lilinuka usafi, yaani halikunuka kitu. Nilijisifu njia nzima kimoyomoyo.

Bi Joha alikuwa ameshatoka nje anatungoja, amevaa kanga mpya, amekaa kwenye kigoda mlangoni. Zaidi akaenda akapiga magoti. "Shikamoo mama." Yule bibi akageuza uso upande wa mlima. Zaidi akanyanyuka, akafuta vumbi magotini, akaenda kusimama mbele ya boneti.

Nikamshika mkono mama, nikamwongoza. Alikuwa anatembea taratibu, kama bibi harusi. Nikamkalisha kiti cha mbele, nikazunguka upande wa dereva, nikasimama nje nimeshika mlango. Akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu. Akapapasa dashibodi, akainama akanusa mkanda. Kisha akapeleka mkono kwenye kiti cha mwanawe, akakibonyeza. Sponji jipya likamrudisha mkono.

"Hiki si kiti chake," akasema.

"Kiliharibika, mama. Paka waliingia. Tukasafisha, ili usikae kwenye uchafu."

Akakibonyeza tena, kisha akaurudisha mkono mapajani. Halafu akasema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Mmemwosha mara ya pili. Mara ya kwanza mlimwosha mkamzika, sijafika. Nikaomba kilichobaki, nacho mmekiosha. Zaidi ana haraka gani na mwanangu?"

Nikamtazama Zaidi pale mbele ya boneti. Alikuwa anasikia kila neno. Akainamisha kichwa, na nikaona midomo yake inajiandaa kusema kile alichosema Machi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeficha wangu kwenye nguo ya mtu mwingine.

"Si Zaidi," nikasema. "Ni mimi. Mara zote mbili ni mimi. Siku ya mazishi alikuja kuniuliza kama wakusubiri, nikasema wasisubiri. Yeye alinifichia tu."

Bi Joha akageuza uso kwangu. Yale macho meupe hayaoni, lakini niliyakwepa.

"Kwa nini?"

"Niliogopa kilio chako, mama."

"Kilio changu," akarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Nililia hata hivyo, Mwanahawa. Nililia kwenye udongo."

Nikashika paa la gari. Yeye akanyoosha shingo mbele, akaita, "Zaidi."

"Naam, mama."

"Njoo unisalimie vizuri."

Zaidi akaja mbio, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akapiga magoti kwenye vumbi upande wa mlango wake. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na akamshika uso kwa mikono miwili, paji, pua, kidevu. "Marahaba. Marahaba." Aliitikia mara nyingi, nadhani alikuwa anazilipia Ijumaa zote. Zaidi akalia waziwazi. Kisha mama akasema, "Nipeleke kwa kaka yako."

Kwangu hakusema neno. Njia nzima hadi Dodoma nilikaa nyuma, na neno pekee alilotoa alimwambia Zaidi afungue dirisha. Zaidi akateremsha kioo, akapitisha kiganja juu yake kupima, akaacha hapo. Makaburini alimshika mkono mpaka kwenye kaburi, na yule mama akakaa chini akapapasa udongo kutoka kichwani hadi miguuni. Mimi nilisimama mbali.

Alibaki kwetu. Zaidi aliomba, naye akakubali, akasema atakaa mpaka atakapochoka. Kila alfajiri, akimaliza swala, nilimpelekea maji ya moto na kupiga magoti. "Shikamoo mama." Kimya. Anapokea maji, anasema asante, chakula anakula, nikimuuliza jambo la nyumba ananijibu. Salamu tu ndiyo haiitikii. Ukimya ule ulikuwa wa Zaidi kwa makosa, sasa umefika kwa mwenyewe. Niliubeba bila kulalamika, ingawa siku ya nne niliingia jikoni nikakaa chini nyuma ya mlango kama mtoto aliyechapwa.

Siku ya tisa, karibu na adhuhuri, alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anaota jua. Mimi nafagia uani. Nikamwona yule paka wa majivu anashuka ukutani, anapita chini ya gari ambalo halimtaki tena, anaelekea barazani. Nikanyanyua fagio nikamkimbilia.

"Nani huyo unayemfukuza?" Bi Joha akauliza.

"Paka, mama. Ndiye aliyelichafua gari."

"Ndiye aliyelala kwenye kiti chake?"

"Ndiye."

"Muda gani?"

"Tangu wiki ya pili ya msiba mpaka mimi nilipotoka eda."

"Acha fagio," akasema. Akanyoosha mkono chini kando ya mkeka. Paka akasogea, kichwa mbele, kama alivyozoea kwa Uwesu. Bi Joha akampapasa, paji, pua, kidevu, akalikuta lile sikio lililochanika akatulia hapo. Kisha akamnyanyua, akamnusa shingoni.

"Hana karafuu," akasema.

"Hana, mama."

Akamlaza mapajani. Alikaa akimpitisha mkono mgongoni, muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ila huyu alisubiri."

Fagio likaniponyoka. Nilikaa pale pale kwenye udongo na kilio kikanitoka, kile kile nilichokikimbia mwezi wa Machi, hakikuwa cha mama mkwe, kilikuwa changu tangu mwanzo. Nililia mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nilimwita Uwesu kwa jina, nikamwita mbele ya watu, sikuona haya.

Bi Joha hakuninyamazisha. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya paka. Nilipobaki na kwikwi tu, nikainuka, nikaokota fagio, nikaanza kwenda jikoni kunawa uso.

"Marahaba," akasema nyuma yangu.

Nikasimama. Sikuwa nimemsalimia. Salamu yangu ilikuwa ya alfajiri, pamoja na maji ya moto, na yeye alikuwa ameishika mpaka adhuhuri inaadhiniwa.